Kiinua Mgongo cha Askari na Mtalaka Wake

Msikilizaji wangu, leo nina jambo ambalo kinamama wengi wa mkoa huu wa Morogoro hulizungumza sokoni na kwenye vikoba, lakini wakifika mbele ya hakimu hulinyamazia. Mwanamke ameishi na askari miaka ishirini. Wameachana. Mzee anastaafu, analipwa kiinua mgongo, anaanza kupokea pensheni kila mwezi, na yule mtalaka wake anazisikia habari hizo kwa majirani. Je, ana chake katika fedha ile?

Mimi nasema anacho. Nitaeleza ni kwa sheria gani, ni wapi sheria hiyo inamwacha njiani, na ni kitu gani tuwaombe wabunge wetu wakiandike, maana mpaka sasa hakijaandikwa.

Mkoa wetu ni wa askari. Ngerengere kuna jeshi la anga, kuna Kizuka, kuna Pangawe, kuna Mzinga chini ya milima. Watoto wa huku wanakua wakiwaona vijana wa kombati wakishuka kwenye mabasi pale Msamvu wakiwa na mabegi yao. Basi haishangazi kwamba binti wa Matombo au wa Bunduki anaolewa na kijana aliyetoka Mara, Ruvuma au Kigoma, aliyeletwa huku na kazi. Harusi inafungwa, wanapewa chumba kwenye kota, maisha yanaanza.

Sasa nisikilize vizuri, kwa sababu kesi nzima imelala katika maisha hayo. Askari hapangi aishi wapi. Leo yuko Ngerengere, mwaka kesho barua ya uhamisho inamtaka Tabora, baadaye Songea. Mke akimfuata, genge alilolianzisha linakufa kila wanapohama, na kama aliajiriwa anaacha kazi. Asipomfuata, anabaki na watoto, na yeye ndiye baba na ndiye mama. Mwaka 1978 Idi Amin alipovamia Kagera, wanaume waliondoka, na wapo waliokaa mbali na nyumba zao muda mrefu hata baada ya Kampala kuanguka mwaka 1979. Tangu mwaka 2013 vijana wetu wamekuwa mashariki ya Kongo katika brigedi ya Umoja wa Mataifa, pamoja na wenzao wa Afrika Kusini na Malawi. Kila anapoondoka mmoja, kuna mtu anabaki nyuma akihesabu unga.

Huku kwenye milima ya Uluguru aliyebaki hakukaa bure. Alipanda mlima na jembe. Ndizi za Matombo, kabichi, njegere na karoti za Mgeta, vyote vimeshuka kwa vichwa vya wanawake na kwa magari mpaka soko la Chifu Kingalu hapo mjini. Chakula kilichowakuza watoto wa askari kilitoka kwenye shamba la mama yao, na mara nyingi shamba lenyewe ni la ukoo wa mama, maana Waluguru tunafuata upande wa mama. Mshahara wa askari haukuliwa wote kwa sababu mtu mwingine alikuwa analima. Ule uliobaki ndio uliojenga, na ndio uliomwezesha kufanya kazi mwaka hadi mwaka bila kulazimika kuomba aachishwe ili aje kulea. Pensheni ya jeshi huhesabiwa kwa urefu wa utumishi. Urefu ule ulishikiliwa na watu wawili, ingawa hati ya malipo ina jina moja.

Hayo ninayoyasema si huruma yangu tu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 114, inaipa mahakama uwezo wa kugawa mali ambazo mume na mke walizipata wakati wa ndoa kwa juhudi zao za pamoja. Na inamwambia hakimu aangalie mambo kadhaa: mchango wa kila mmoja kwa fedha, kwa mali au kwa kazi, madeni waliyoyabeba kwa faida ya wote, mahitaji ya watoto wadogo, na tena aangalie mila za jamii ya wahusika. Hilo la mila nitalirudia, kwa sababu kwetu Uluguru lina uzito wa pekee.

Zamani majaji wetu wenyewe walitofautiana juu ya neno hilo kazi. Wapo waliosema kupika, kufua na kulea ni wajibu wa mke, hakuna cha kulipwa hapo. Wapo waliosema ni mchango kama mchango mwingine. Ubishi huo ulimalizwa mwaka 1983, Mahakama ya Rufani ilipoamua shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu. Jaji Mkuu Francis Nyalali na wenzake walisema kazi za nyumbani za mke ni mchango katika kupatikana kwa mali za ndoa. Lakini watu wakisimulia shauri lile husahau mwisho wake: Bi Hawa mwenyewe hakupata mgao. Mahakama iliona kwamba mumewe alikuwa amempa fedha za kuanzisha mradi wa familia, naye akazitumia vibaya, basi hakuna kilichobaki cha kumpa. Nakwambia hayo, mama yangu, ili usiende mahakamani ukidhani jina la Bi Hawa litakufanyia kazi yote. Haki ya kuhesabiwa ipo. Kiasi utakachopata kinategemea ushahidi unaouleta wewe.

Sasa pensheni. Kifungu cha 114 hakiitaji kwa jina. Kinasema mali. Na kwa askari wa Jeshi la Wananchi, JWTZ, jambo linazidi kuwa gumu, kwa sababu mafao yao hayapitii kwenye PSSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa watumishi wa umma ulioanza Agosti 2018 baada ya kuunganishwa mifuko ya zamani ya PSPF, LAPF, GEPF na PPF. Askari polisi wamo humo. Mwanajeshi analipwa na Hazina, kwa kanuni za jeshi lenyewe. Hakuna kitabu cha michango ambacho mke anaweza kukipeleka mahakamani akasema, mheshimiwa, tazama makato ya miaka yote tuliyokaa pamoja.

Juu ya hapo, pensheni ya serikali inalindwa. Sheria yetu ya mwenendo wa mashauri ya madai inakataza kukamata mafao ya mstaafu wa serikali kama unavyokamata gari la mdaiwa. Ulinzi huo ni mzuri, nauunga mkono kwa moyo wote. Bila huo wakopeshaji wangewamaliza wazee wetu. Ila hata wale Waingereza waliotuachia sheria za pensheni Afrika Mashariki waliacha nafasi moja: pensheni haihamishwi kwa mtu mwingine, isipokuwa kulipa deni la serikali, au kutimiza amri ya mahakama ya kumtunza mke, mtalaka au mtoto mdogo. Kenya maneno ya namna hiyo yamo mpaka leo katika sheria yao ya pensheni. Kwa hiyo wazo kwamba pensheni ya mtumishi ina deni kwa mwanamke aliyeishi naye halikuletwa juzi na wanaharakati. Ni la miaka mingi.

Hapa lazima nitenganishe hali, kwa sababu wengi wanapoteza haki kwa kuzichanganya.

Kama mzee alistaafu mkiwa bado katika ndoa, akalipwa kiinua mgongo kwa mkupuo, na mkupuo ule ukageuka kuwa nyumba Kihonda, kiwanja Mkundi, bajaji mbili au duka, basi acha kuitafuta pensheni. Tafuta nyumba, kiwanja, bajaji na duka. Hizo ni mali zilizopatikana wakati wa ndoa, na kifungu cha 114 kinazifikia bila shida. Fedha zikiwa bado benki, zitaje kwenye madai yako, na uiombe mahakama izuie zisitolewe mpaka shauri liishe. Kosa ninaloliona mara kwa mara ni mwanamke kudai sehemu ya pensheni kwa jumla, anajibiwa kwamba pensheni haigawanywi, anarudi nyumbani akilia, na nyumba iliyojengwa kwa mkupuo uleule hakuitaja hata kwa neno moja.

Kama mliachana kabla hajastaafu, njia ni nyembamba zaidi. Siku ya talaka hakuna fedha mkononi ya kugawa. Na niseme wazi kinachoniuma: kuna wanaume wanaolijua hilo. Miaka miwili au mitatu kabla ya kustaafu ugomvi unazidi, mke anarudishwa kwao mlimani, karatasi ya talaka inaandikwa, halafu mafao yanatoka kwa mtu ambaye kwenye makaratasi hana mke. Au yanamkuta mke mpya aliyeingia mwaka jana. Kwa mwanamke wa namna hiyo nashauri amweleze hakimu mapema kwamba mwenzake anakaribia mafao, aionyeshe miaka ya utumishi iliyopita ndani ya ndoa, na aombe hilo lipimwe wakati wa kugawa vilivyopo. Ikiwa baba anaondoka na tegemeo la uzeeni, ni haki mama apate sehemu kubwa zaidi ya nyumba. Na aombe matunzo. Kifungu cha 115 kinairuhusu mahakama kuamuru mume amtunze mke aliyeachwa, ikiona ipo sababu maalumu, na pensheni ni kipato kinachopimwa kama mshahara ulivyokuwa ukipimwa. Watoto walio chini ya miaka kumi na nane wana haki yao ya pekee, chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, wazazi wawe wameachana kwa namna yoyote ile.

Na kama amri ya talaka ilitoka zamani bila mali kuguswa? Sheria inasema mahakama inaweza kugawa wakati wa kutoa talaka au baadaye. Usikate tamaa, lakini usikae. Kiwanja kinauzwa, mashahidi wanahama, mwenyekiti wa mtaa aliyeshuhudia mauziano anafariki.

Nirudi kwenye mila, kama nilivyoahidi. Tukiligusa jambo hili, wazee wa kiume hupiga simu, na hoja yao nzito ni hii: "Mimi nimelima shamba la ukoo wa mke wangu miaka yote ya likizo zangu, nimepanda michungwa na minazi, nimeachwa nimeondoka mikono mitupu. Kwa nini yeye aje kwenye pensheni yangu?" Ni hoja ya mtu aliyeumia, na anastahili jibu.

Shamba la ukoo halikuchumwa na mke. Alilikuta, ataliacha, na hana ruhusa ya kuliuza hata akitaka. Ni la mabibi waliotangulia na la watoto wake na wa dada zake. Mahakama ikiuliza kuhusu mila za Waluguru itaambiwa hivyo hivyo. Tena lile Tamko la Sheria za Mila la mwaka 1963, linalonukuliwa sana katika mashauri ya familia, liliandikwa kwa ajili ya jamii zinazofuata ukoo wa baba, kwa hiyo asitokee mtu akalisoma hapa kana kwamba lilitungwa Kinole. Pensheni ni kitu kingine. Hakuna aliyeirithi. Imepatikana mwaka kwa mwaka, ndani ya ndoa, kwa kazi. Lakini ile michungwa, mzee wangu, uitaje. Nyumba ya matofali uliyoijenga kwenye ardhi ya ukoo wake, itaje pia. Ardhi hutaipata, ila jasho lako lina thamani inayoweza kulipwa, na mimi nitakutetea kwa nguvu ileile ninayomtetea mama. Na haki hii ni ya pande zote: wapo wanawake wanajeshi, wapo waume wao waliolea watoto wakati mke yuko zamu au yuko Darfur, na kifungu cha 114 hakichagui jinsia.

Wala sisemi kwamba mtalaka apewe nusu bila kuhesabu. Askari aliyetumikia miaka kumi kabla hajaoa, miaka hiyo ni yake peke yake. Ndoa iliyodumu miaka mitatu haiwezi kubeba utumishi wa miaka ishirini na tano. Tuhesabu miaka ambayo ndoa na utumishi vilikwenda pamoja, hapo ndipo penye chake.

Sasa uanzie wapi? Huwezi kupeleka shauri la talaka mahakamani moja kwa moja, isipokuwa kwa sababu chache ambazo sheria imezitaja. Unaanzia baraza la usuluhishi wa ndoa: la kata, la Baraza Kuu la Waislamu, BAKWATA, kama ni Mwislamu, au la kanisa lililoruhusiwa. Likishindwa kuwapatanisha linakupa hati, na hati hiyo ndiyo inayokufungulia shauri, iwe mahakama ya mwanzo au ya juu zaidi. Kwa Waislamu niseme hili polepole: talaka aliyoiandika mume nyumbani inaweza kuwa sahihi katika dini, lakini haigawi mali. Mali inagawiwa na mahakama. Ukiikubali karatasi ile ukafunga virago, umejiondoa mwenyewe mezani.

Kuna na wale walioishi na askari bila cheti chochote. Hao ni wengi pembezoni mwa kambi zetu, na mara nyingi wanaambiwa hawakuwa wake. Kifungu cha 160 kinasema mwanamume na mwanamke wakithibitika wameishi pamoja miaka miwili au zaidi na jamii ikawaona ni mke na mume, mahakama itadhani wameoana mpaka ithibitishwe vinginevyo, na hata dhana hiyo ikivunjwa mahakama bado inaweza kutoa amri za matunzo na nafuu nyingine. Balaa linakuja pale bwana anapokuwa na ndoa ya Kikristo kwao, hai na yenye cheti. Hapo dhana haisimami. Dada zangu, ulizeni mapema.

Kusanya karatasi. Mkataba wa kununua kiwanja wenye mhuri wa serikali ya mtaa, risiti za mabati na saruji, daftari la kikoba linaloonyesha ulikopa ili msingi ukamilike, stakabadhi za ada, barua za uhamisho zinazoonyesha mlikuwa pamoja wapi na lini. Kabichi ulizouza miaka kumi iliyopita hazina risiti, najua. Zina mashahidi: mnunuzi wa jumla aliyekuwa akizichukua, jirani wa shamba, dereva. Nyumba ya familia ikiwa katika hatari ya kuuzwa, kifungu cha 59 kinakataza mwenzi mmoja kuiuza bila ridhaa ya mwingine. Weka zuio kwa msajili wa ardhi kabla bwana hajapata mnunuzi. Tangu mwaka 2021 Kiswahili ni lugha ya sheria na ya mahakama zetu, na mjini hapa tuna Kituo Jumuishi cha Utoaji Haki. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imewatambua wasaidizi wa kisheria, nao wapo Morogoro. Nenda kwao. Ukishindwa shauri, rufaa ina siku 45, na siku hizo hazikungoji wewe upate nauli ya kushuka kutoka Nyandira.

Wenzetu walifanyaje? Marekani, mwaka 1981, Mahakama ya Juu ya nchi ile iliamua katika shauri la McCarty kwamba mahakama za majimbo haziwezi kugawa pensheni ya jeshi. Hukumu ilimwacha mke wa ofisa bila sehemu ya pensheni ile baada ya miaka mingi ya ndoa. Mwaka uliofuata tu, 1982, Bunge lao likatunga sheria ya kuwalinda wenzi wa zamani wa wanajeshi: majimbo yanaweza kuihesabu pensheni kama mali ya ndoa, na ikiwa ndoa na utumishi vimekwenda pamoja kwa miaka kumi, ofisi ya malipo ya jeshi inamlipa mtalaka sehemu yake moja kwa moja, bila kupitia mfukoni kwa askari. Afrika Kusini, ambayo wapigania uhuru wake tuliwapa makao Mazimbu na Dakawa hapa kwetu, ilirekebisha sheria yake ya talaka mwaka 1989 ikasema maslahi ya pensheni yahesabiwe katika mali za anayeachana. Kenya, mwaka 2013, ikaandika wazi kwamba mchango wa mwanandoa ni pamoja na kazi za nyumbani, malezi, kusimamia mali na kilimo. Kilimo kimetajwa kwa jina lake. Mama wa Mgeta angefurahi.

Sisi sheria yetu ni ya mwaka 1971 na wakati wake ilikuwa mbele ya nchi nyingi. Tangu Mahakama ya Rufani iliposema, Oktoba 2019, kwamba vifungu vya 13 na 17 kuhusu umri wa kuolewa vinapaswa kurekebishwa, katika shauri alilolianzisha Rebeca Gyumi, mjadala wa kuifungua sheria hii upo. Itakapofunguliwa kwa ajili ya watoto wa kike, ninawaomba wabunge wa mkoa huu, wa mjini na wa majimbo ya milimani, wasikubali ifungwe kabla ya kuongezwa mambo haya katika kifungu cha 114: kwamba mali za ndoa ni pamoja na kiinua mgongo na pensheni kwa miaka ambayo ndoa ilikuwepo, kwamba Hazina na mifuko ya hifadhi itoe taarifa ya mafao mahakama inapoiomba, na kwamba sehemu ya mtalaka ilipwe moja kwa moja kwenye akaunti yake. Simu zetu ziko wazi. Nianze na aliyesubiri tangu mwanzo, naona namba ya Kinole. Karibu mama, sema.